Mfupa si Mti Mkavu: Maelezo Mafupi juu ya Kiunzi cha Mwili na Afya Yake

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mifupa ya binadamu inavyofanya kazi na jinsi inavyotunzwa. Tuanze na maneno yenyewe, kwani ndiyo yanayotupotosha. Kifaransa husema «squelette», neno lenye asili ya Kigiriki lililomaanisha kitu kilichokauka. Kiswahili nacho husema kiunzi, kutokana na kitenzi kuunda, ambacho mafundi wa pwani hukitumia kwa kazi ya kutengeneza vyombo vya bahari. Na nguzo ya mgongo tunaiita uti, neno lililo ndugu wa mti. Lugha zote mbili zatupa picha ya kitu kisicho na uhai, nayo ni nusu ya ukweli tu.

Nusu hiyo ni hii: mtu mzima ana mifupa 206, nayo humsimamisha, hulinda ubongo ndani ya fuvu, moyo na mapafu ndani ya mbavu, na hutumika kama nyenzo zivutwazo na misuli kwa kano. Penye viungo, ncha za mifupa hufunikwa na gegedu ili zisisagane.

Lakini mfupa u hai. Una mishipa ya damu na ya fahamu, na ndani yake zimo chembe zinazobomoa sehemu kuukuu na nyingine zinazojenga mpya, hata takriban asilimia 10 ya kiunzi cha mtu mzima hufanywa upya kila mwaka. Mwaka 1892 daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaouchukua: utumikao huimarika, uachwao bure hupungua. Kwa hiyo mwanafunzi aendaye chuoni kwa miguu kwa kukosa nauli hapati hasara tupu. Mzigo uliopita kiasi ni jambo jingine. Wamama wa Kivu wabebao magunia kwa mkanda wa kipaji cha uso wajua jinsi pingili za shingo zinavyoelemewa.

Mifupa ni ghala pia. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo humo, na damu ikipungukiwa huikopa huko. Deni hilo hulipwa kwa chakula, kwa msaada wa vitamini D ambayo ngozi huitengeneza juani. Maziwa ni ghali kwa wengi wetu, ila ndagala wa Tanganyika na sambaza wa Kivu, tuwalao pamoja na miiba yao, ni hazina ya kalsiamu. Afadhali akiba hiyo iwekwe mapema, kwa maana baada ya umri wa miaka 30 hivi haiongezeki tena.

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote nchini mwetu. Ndani ya mifupa mna uboho, na uboho mwekundu ndio kiwanda cha damu. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi kwetu huuita kwa herufi mbili tu, SS, hutengeneza chembe nyekundu zinazopinda kama mundu zikikosa oksijeni. Chembe hizo huziba mishipa midogo, mfupa hukosa damu, na maumivu yake ni makali mno. Mara nyingi dalili ya kwanza huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka 2: mikono na miguu huvimba, naye hulia akiguswa. Katika familia zetu uvimbe huo umewahi kutafsiriwa kuwa ni uchawi, na bibi au mama wa kambo akatuhumiwa, ilhali asili yake ni urithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe huwa wazima kabisa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto SS.

Kipimo cha himoglobini huhitaji damu kidogo tu, na wachumba wangefanya vyema kukifanya kabla mahari hayajajadiliwa. Mtoto aliyekwisha kuzaliwa na SS anywe maji mengi, akingwe na baridi na malaria, na akipata homa apelekwe hospitalini siku ileile, kwani vijidudu huingia kwa urahisi katika mfupa uliokosa damu.