Kusukutua Kinywa kwa Peroksidi ya Hidrojeni: Kazi Yake na Mipaka Yake

Keekee ya kisasa ya daktari wa meno huzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika. Ili jino lisiunguzwe na joto la msuguano, keekee hiyo hurushiwa maji na hewa. Maji hayo huchanganyika na mate, na pengine damu, kisha hutawanyika hewani kwa matone madogo mno. Daktari, msaidizi wake na hata mgonjwa anayefuata waweza kuyavuta. Ndiyo sababu katika kliniki nyingi mgonjwa huombwa asukutue kinywa kabla ya matibabu. Dawa mojawapo itumikayo ni peroksidi ya hidrojeni.

Kemikali hii iligunduliwa mwaka 1818 na mkemia Mfaransa, Louis Jacques Thénard. Molekuli yake ni kama ya maji iliyoongezewa atomi moja ya oksijeni. Kiungo kati ya atomi zake mbili za oksijeni ni dhaifu, hivyo huvunjika kwa urahisi:

2H₂O₂ → 2H₂O + O₂

Mwanga huharakisha mvunjiko huo. Kwa hiyo dawa huhifadhiwa katika chupa isiyopitisha mwanga.

Kwa kusukutua, mmumunyo wa asilimia 3 huchanganywa na maji kwa kipimo sawa, ukawa wa asilimia 1.5. Mililita 10 za mmumunyo huo zina gramu 0.15 za peroksidi. Kwa kuwa gramu 34 za peroksidi hutoa gramu 16 za oksijeni, kiasi hicho kikivunjika chote hutoa takriban mililita 50 za gesi. Gesi hiyo ndiyo povu linaloinua uchafu. Aidha, bakteria wengi waishio chini ya ufizi hawaistahimili oksijeni.

Lakini ni nini kinachoivunja dawa kwa kasi hivyo? Ni vimeng'enya, hasa katalesi, iliyomo katika damu na seli za mwili. Mate nayo yana vimeng'enya vya kuiharibu peroksidi. Basi povu si ushahidi kwamba vijidudu vimekufa. Huonyesha tu kwamba dawa inakwisha.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipendekeza wagonjwa wasukutue kwa peroksidi ya asilimia 1.5, kwa kuwa virusi hivyo vilidhaniwa kudhurika kwa oksidisho. Majaribio ya maabara yaliyofuata yalionyesha kwamba katika sekunde 30 peroksidi iliviathiri virusi kidogo tu, ilhali povidoni-ayodini iliviangamiza vyema zaidi.

Wanafunzi waweza kuiona kazi ya katalesi darasani. Kipande cha kiazi kibichi kitiwe katika mmumunyo wa asilimia 3: mapovu yatatoka. Kijiti chenye kaa kikisogezwa juu yake ndani ya neli, kitawaka zaidi. Kiazi kilichochemshwa hakitoi povu, maana joto limekiharibu kimeng'enya.

Dawa hii isimezwe, wala isitumiwe kila siku bila ushauri wa daktari, kwani huweza kuwasha ufizi. Mimumunyo mikali huunguza ngozi na macho. Na daktari aliyemsukutulisha mgonjwa wake bado anahitaji barakoa, kinga ya macho, mrija wa kufyonza mate na madirisha yapitishayo hewa.