Mlinzi Asiyelipwa Mshahara



Quiterajo ni mji mdogo wa pwani katika wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Wasomaji wetu wa mashamba ya mkonge wanaujua mkoa huo hata kama hawajaufikia, maana wakati wa ukoloni wazee wengi wa Cabo Delgado walivuka mto Ruvuma kuja kukata mkonge Tanganyika, na wajukuu wao tunao kazini hadi leo. Wenyeji wa pwani ile ni Wamwani, na Kimwani chao ni ndugu wa Kiswahili chetu. Kazi yao kubwa ni uvuvi. Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 pamoja na kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 vimewatawanya watu wengi wa pwani hiyo na kuikatiza kazi yao. Lakini mvuvi akikimbia haachi ujuzi wake nyumbani kama anavyoacha nyavu. Anao kichwani.

Ujuzi wake mmoja twataka kuuzungumza leo, kwa sababu unamhusu pia mwenzetu anayelisha majani kwenye korona, na dada anayesimamia mitambo ya kufuma nguo, na zaidi ya wote yule aliyeumia kazini kisha akaandikiwa neno moja tu kwenye karatasi: uzembe.

Mtazame mvuvi aliyeshika usukani. Macho yako kwenye tanga, mkono uko kwenye kamba, mdomo unabishana na mwenzake juu ya bei ya samaki. Bahari nzima inakwenda mbele yake, mawimbi maelfu, naye hana habari na hata moja. Mara anageuza kichwa kushoto. Pale, mbali kidogo, maji yanatetemeka kuelekea upande usio wa mawimbi mengine: kundi la samaki liko chini. Hakuwa akitazama pale wala hakuwa akipafikiria. Mwulize alijuaje, atakujibu kwamba aliona tu.

Kiwandani mambo ni hayo hayo. Fundi anaandika kwenye daftari, na mkanda wa mashine unazunguka pembeni ya jicho lake kama ulivyozunguka tangu asubuhi. Mkanda ukianza kuyumba, anainua kichwa kabla hajajua kwa nini. Zamani watu walisema huyo ana bahati, au ana macho ya ajabu. Wataalamu wa ubongo wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na wanayo maelezo yaliyo wazi zaidi.

Kwanza yafaa kujua ya kwamba ubongo hufanya kazi kwa umeme kidogo sana. Daktari Mjerumani Hans Berger, wa mji wa Jena, ndiye aliyeupima kwanza umeme huo juu ya kichwa cha mtu mwaka 1924, akatangaza habari zake mwaka 1929. Umeme wenyewe hupimwa kwa sehemu za milioni za volti moja. Mtu huvishwa kofia yenye vipande vidogo vya chuma vinavyogusa ngozi ya kichwa, na mashine huchora mistari ya kupanda na kushuka. Hakuna sindano wala maumivu.

Mwaka 1978 Mfini Risto Näätänen na wenzake walieleza jambo walilolipata kwa njia hiyo. Walimpigia mtu sauti ya namna moja, tena na tena, na mara chache wakaingiza sauti iliyo tofauti kidogo. Hata pale mtu alipokuwa hasikilizi sauti hizo, kila ile ya tofauti ilipopita, umeme wa ubongo ulionyesha alama yake. Maana yake ni kwamba ubongo ulikuwa umeshika hesabu ya yale yaliyozoeleka, ukalinganisha, ukakuta hitilafu. Kila mwenye kufanya kazi karibu na mota anaelewa habari hii bila kofia: unazungumza na mwenzako, mlio wa mota unabadilika, nawe umekwisha geuka.

Kwa macho ilichukua muda zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Santiago de Compostela, Hispania, ambao ni Paula Pazo-Álvarez, Elena Amenedo na Fernando Cadaveira, walitoa matokeo yao juu ya mwendo. Mtu alipewa kazi ya kufanya katikati ya kioo, ili akili yake ishikwe pale. Huko pembeni mistari ilikuwa ikienda upande mmoja, na mara chache ikaenda upande mwingine. Mtu hakuambiwa aiangalie. Hata hivyo nyuma ya kichwa, mahali ambapo ubongo hushughulikia mambo ya macho, alama ilitokea mwelekeo ulipobadilika, nayo ilitokea upesi, kabla ya theluthi moja ya sekunde kupita. Mwaka 2006 Jan Kremláček na wenzake wa Hradec Králové, nchini Czech, nao walipata alama ya namna hiyo kwa mwendo wa pembeni ya jicho.

Walikuwapo waliouliza swali zuri. Labda ubongo haulinganishi kitu; labda seli zinazopokea mwendo wa kulia zimechoka tu kwa kurudia, na zile za kushoto zimepumzika, ndiyo maana zinapiga kelele zikipata zamu. Wataalamu wakatafuta njia ya kulijaribu hilo: wakaonyesha vitu vya namna nyingi kwa zamu, pasiwe na kimoja kilichozoeleka, wakapima tofauti. Kuchoka kwa seli kuna sehemu yake kweli, lakini katika majaribio kadhaa hakukutosha kueleza alama yote. Kuna kulinganisha pia. Sisi twapenda kumwita huyo mlinganishaji mlinzi, ingawa wataalamu wenyewe wana jina refu zaidi.

Na tusidhani ya kwamba kuona mwendo ni kitu kimoja na kuona rangi au umbo. Mwaka 1983 Josef Zihl na wenzake wa Munich, Ujerumani, walieleza habari za mwanamke aliyepata maradhi ya ubongo. Vitu aliviona, rangi alizijua, ila mwendo ulimpotea. Akimimina chai kikombeni, ile chai ilionekana imeganda kama barafu, naye hakujua wakati wa kuacha. Barabarani gari lililokuwa mbali lilionekana ghafla limefika. Mwendo, basi, una sehemu yake ndani ya ubongo, na sehemu hiyo ikiharibika hakuna juhudi ya mtu itakayoziba pengo.

Sasa tufike kwenye mashine. Meneja mmoja akisoma habari hizi anaweza kufurahi. Atasema: kumbe mfanyakazi ana mlinzi kichwani, usiku na mchana, wala hadai mshahara! Basi kinga za nini? Aliyeumia hakutumia akili aliyopewa na Mungu.

Hapo ndipo twakataa, na twakataa kwa ushahidi ule ule.

Mlinzi huyu anatoa taarifa tu. Hashiki mkono wa mtu na kuuvuta. Tena taarifa yake si lazima ifike mahali ambapo mtu anajua kuwa ameona. Mwaka 1999 Wamarekani Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu filamu ya vijana wanaopasiana mpira, wakawataka wahesabu pasi. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa ngozi ya sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Hawakuwa vipofu, wala hawakuwa wazembe. Walikuwa wakifanya kazi waliyopewa, tena kwa bidii. Mfanyakazi anayehesabu mafungu ya singa kwa sababu ujira wake unategemea mafungu ni kama wale.

Halafu mlinzi huyu hujifunza kwa mazoea. Akizoea hali mbaya, hali mbaya ndiyo kawaida yake. Mkanda ukikatika ghafla atapiga kelele, lakini ukilegea kidogo kidogo kwa majuma, kila siku mpya hulinganishwa na jana, na tofauti ni ndogo mno. Ndivyo ilivyo pia kwa kasi inayoongezwa nukta moja mwezi huu na nukta moja mwezi ujao. Mitambo hiyo yahitaji kukaguliwa kwa kipimo na kwa tarehe iliyoandikwa, maana jicho la mzoefu lina udhaifu wake papo hapo penye nguvu yake.

Taa nazo zina hila. Taa za mirija zinazotumia umeme wa kawaida wa mizunguko 50 kwa sekunde huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde moja. Gurudumu likizunguka kwa kasi inayolingana na mapigo hayo, huonekana limesimama, au linakwenda polepole, au linarudi nyuma. Jicho likidanganywa, mlinzi wa ndani hupelekewa habari ya uongo. Mafundi umeme wanajua dawa yake: taa za karibu na mashine zigawanywe kwenye fezi mbalimbali, au zifungwe za aina isiyopepesa. Gharama yake si kubwa kulinganisha na kiganja cha mtu.

Vipi basi kuhusu amri ya kuwa macho, ile inayobandikwa ukutani kwa herufi nyekundu? Mwaka 1948 Mwingereza Norman Mackworth alitoa matokeo ya uchunguzi uliotokana na kazi ya askari wa vita waliokuwa wakilinda vioo vya rada. Alimkalisha mtu mbele ya saa yenye mshale mmoja uliokuwa ukiruka hatua moja kila sekunde, na mara chache ukaruka hatua mbili kwa pamoja. Kazi ya mtu ilikuwa kubonyeza kitufe kila aonapo mruko wa hatua mbili, kwa muda wa saa mbili. Baada ya nusu saa ya kwanza tu, miruko iliyowapita ilikuwa imeongezeka wazi. Hao walikuwa askari vijana, wameketi, hawana jua wala vumbi la mkonge. Nasi twaambiwa tuwe macho zamu nzima, tena wakati mwingine mbili mfululizo mwenzetu asipofika.

Tuliwahi kukaa kwenye kikao cha ajali katika shamba moja ambalo hatulitaji. Mkono wa mlishaji wa korona ulikuwa umekwenda. Kinga ya mbele ilikuwa imefunguliwa juma lililotangulia kwa matengenezo, haikurudishwa. Balbu iliyokuwa juu ya meza ya kulishia ilikuwa imekufa. Katika karatasi ya uongozi hayo yote hayakuandikwa. Iliandikwa kwamba mfanyakazi hakuwa makini. Mzee mmoja wa tawi aliuliza: hiyo balbu nayo hakuwa makini? Watu wakacheka, lakini swali likaandikwa, na karatasi ikabidi irudiwe upya.

Mkataba Namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unahusu kinga za mashine. Kifungu chake cha 11 chasema mfanyakazi asitumie mashine ambayo kinga zake hazimo mahali pake, wala asilazimishwe kuitumia. Kinamkataza mfanyakazi pia kuzitoa kinga hizo, jambo ambalo baadhi yetu hulisahau tunapokimbiza mafungu. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Wenzetu wa Msumbiji wana sheria ya kazi ya mwaka 2023.

Kwa hiyo wajumbe wa tawi mkiitwa kwenye kikao cha ajali, ulizeni kinga ilikuwa wapi, taa ilikuwa ya namna gani, mkanda ulikaguliwa tarehe ngapi na nani aliweka sahihi, kasi ya mashine ilibadilishwa lini, na mwenzetu alikuwa kazini kwa saa ngapi bila kupumzika. Swali la kwamba alikuwa akitazama wapi liulizwe baada ya hayo. Na sahihi yenu msiiweke mpaka majibu yote yamo kwenye karatasi.