Kujifungua mapema kwa mpango: jinsi ya kujiandaa kwa mtoto njiti nchini Australia

Madaktari wanapoamua kwamba mtoto azaliwe kabla ya kutimiza wiki 37, wazazi wengi hupokea habari hiyo kwa hofu. Hata hivyo, familia hiyo imepewa kitu ambacho mama aliyeshikwa na uchungu wa ghafla hakipati: muda wa kujiandaa. Makala haya yanaeleza namna ya kuutumia muda huo vizuri.

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia huitwa njiti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa wakiwa njiti, yaani takriban mtoto mmoja kati ya kila kumi. Hapa Australia ni takriban watoto 8 kati ya kila 100. Baadhi yao huja ghafla, lakini wengine huzaliwa mapema kwa sababu madaktari wamepima hatari na kuona kwamba mtoto atakuwa salama zaidi nje ya tumbo kuliko ndani yake.

Kwa nini mtoto azaliwe mapema?

Sababu zipo nyingi. Mama anaweza kuwa na shinikizo la damu linaloelekea kwenye kifafa cha mimba, hali inayoweza kuhatarisha maisha yake na ya mtoto. Kondo la nyuma linaweza kuwa limeziba njia ya uzazi, au limeshindwa kumpelekea mtoto chakula na hewa ya kutosha, naye akaacha kukua. Mapacha wanaotumia kondo moja, au mama mwenye kisukari kisichodhibitika, ni mifano mingine.

Uamuzi huo ni kama mizani. Upande mmoja, kila wiki anayoongeza mtoto tumboni huimarisha mapafu, ubongo na uwezo wake wa kunyonya. Ndiyo maana Australia, kuanzia na mpango uliozinduliwa Australia Magharibi mwaka 2014, imekuwa ikijitahidi kupunguza uzazi wa mapema usio na sababu ya kitabibu. Upande wa pili, kuna wakati ambapo kuendelea kungoja kunaleta hatari kubwa zaidi. Daktari anapopendekeza tarehe ya mapema, haina maana kwamba mama ameshindwa kuitunza mimba yake.

Wazazi wana haki ya kuelezwa mizani hiyo kabla ya kutoa ridhaa. Ni vyema kuuliza: Ni hatari gani mnayoiona? Nini kinaweza kutokea tukingoja wiki moja zaidi? Nitaanzishiwa uchungu au nitafanyiwa upasuaji? Mtoto atakuwa na wiki ngapi, na watoto wa umri huo kwa kawaida huhitaji msaada gani? Majibu yaandikwe, kwani mengi husahaulika mtu anapotoka katika chumba cha daktari akiwa na wasiwasi.

Mazungumzo haya yasifanyike kwa Kiingereza cha kubahatisha. Hospitali za umma hutoa mkalimani bila malipo, ana kwa ana au kwa simu. Si vyema kumtumia mtoto wako mkubwa au jirani kutafsiri habari nzito kama hizi. Anaweza kuficha jambo kwa huruma, au kukosa neno sahihi. Unapoomba mkalimani, taja kama unazungumza Kiswahili cha Kongo au cha Afrika Mashariki, ili mwelewane vizuri.

Tarehe iliyopangwa inaweza kutanguliwa

Hata kama siku ya kujifungua imeandikwa kwenye kalenda, mwili unaweza kuamua vingine. Mama akitokwa na damu, maji yakipasuka, akiumwa sana kichwa au kuona maluweluwe, akipata maumivu makali chini ya mbavu, au akihisi mtoto amepunguza kucheza, apige simu hospitali mara moja, usiku au mchana, bila kungoja siku ya miadi. Ikiwa hali ni ya dharura, apige 000.

Sindano za kukomaza mapafu

Tatizo kubwa la mtoto njiti ni kupumua, kwa kuwa mapafu yake bado hayana utando unaoyawezesha kubaki wazi. Hapa nchi jirani ya New Zealand ina sehemu yake katika historia ya tiba. Mjini Auckland, Graham Liggins alibaini kwamba wanakondoo waliozaliwa mapema mno waliweza kupumua pale walipopewa dawa ya homoni kabla ya kuzaliwa. Mwaka 1972 yeye na daktari wa watoto Ross Howie walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa wanawake wajawazito: watoto ambao mama zao walipewa dawa hiyo walipata matatizo machache ya kupumua. Leo tiba hiyo hutumika duniani kote.

Kwa kawaida mama hupewa sindano mbili, zikiachana kwa saa 24, ikiwa mtoto anatarajiwa kuzaliwa kabla ya wiki ya 35. Hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akizaliwa baada ya siku moja na kabla ya siku saba kupita. Hii ndiyo faida kubwa ya uzazi uliopangwa: madaktari wanaweza kuchagua wakati wa sindano. Mama mwenye kisukari ajue kwamba dawa hiyo hupandisha sukari kwa siku chache, hivyo atahitaji kupimwa mara kwa mara.

Ikiwa mtoto atazaliwa kabla ya wiki ya 30, mama anaweza pia kupewa dawa ya magnesiamu kwa njia ya mshipa muda mfupi kabla ya kujifungua. Dawa hii humpunguzia mtoto hatari ya kupata mtindio wa ubongo. Huleta joto mwilini na kichefuchefu, jambo linaloogopesha iwapo mama hakuambiwa mapema.

Mtoto atapelekwa wapi?

Si kila hospitali inaweza kumhudumia kila mtoto njiti. Watoto wadogo sana, hasa walio chini ya wiki 32, kwa kawaida hulazwa katika chumba cha watoto wachanga mahututi, ambacho hupatikana katika hospitali kubwa za miji. Waliokomaa zaidi, au waliokwisha kupata nafuu, hulazwa katika kitengo cha uangalizi maalumu, ambako husaidiwa kupata joto, kunyonya na kuongeza uzito.

Kwa hiyo familia inayoishi Mildura, Coffs Harbour au Toowoomba inaweza kuambiwa kwamba mama ahamishiwe mji mwingine kabla ya kujifungua. Ni salama zaidi mtoto kusafiri akiwa tumboni kuliko kusafirishwa akiwa mchanga na mgonjwa. Majimbo yana mipango ya kusaidia gharama za safari na malazi kwa wagonjwa wanaotoka mbali: VPTAS katika Victoria, IPTAAS katika New South Wales, PTSS katika Queensland na PATS katika Australia Magharibi. Kila mpango una masharti yake ya umbali na fomu zake, na baadhi ya fomu hujazwa na daktari. Mwombe mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali akusaidie kabla ya safari, na utunze risiti zote.

Wale walio na viza za muda na wasio na Medicare wapigie simu kampuni yao ya bima kabla ya mtoto kuzaliwa. Bima ya mtu mmoja inaweza isimhusu mtoto mchanga, na kitanda cha uangalizi maalumu ni ghali mno. Uliza waziwazi ni lini mtoto anapaswa kuongezwa kwenye bima.

Omba kukitembelea kitengo

Hospitali nyingi huwaruhusu wazazi kukiona kitengo kabla ya kujifungua. Ziara hiyo hupunguza mshtuko. Humo utaona vitanda vya kioo vinavyohifadhi joto, nyaya zilizobandikwa kifuani mwa mtoto kupima mapigo ya moyo, na mrija mwembamba unaopita puani kupeleka maziwa tumboni. Mashine hulia mara kwa mara. Mara nyingi ni taarifa tu, si ajali. Watoto wengi hawawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mpaka wanapokaribia wiki ya 34, hivyo mrija huo si dalili ya ugonjwa.

Uliza pia saa ambazo ndugu wanaruhusiwa kumwona mtoto, kama watoto wenzake wanaweza kuingia, na mahali mama atakapolala akisharuhusiwa kutoka wodini. Mara nyingi mama huruhusiwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa kabla ya mtoto, na kurudi nyumbani mikono mitupu ni moja ya nyakati ngumu kuliko zote.

Maziwa ya mama ni dawa

Hata kama mtoto hawezi kunyonya, mama anaweza kuanza kukamua maziwa katika saa za mwanzo baada ya kujifungua, kisha mara nane hadi kumi kwa siku, usiku ukiwemo. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya manjano, huwa kidogo sana lakini humkinga mtoto na maambukizi. Asiyatupe. Muulize mkunga mapema kuhusu kuazima au kukodi pampu.

Kwa watoto wadogo sana, baadhi ya hospitali hutoa maziwa ya mama wengine yaliyopashwa joto kwa usalama, iwapo ya mama mwenyewe hayatoshi. Hutolewa kwa ridhaa ya wazazi tu. Kwa familia za Kiislamu hili hugusa suala la undugu wa kunyonya, na wanazuoni wana maoni tofauti kuhusu maziwa ya benki. Ni bora wazazi wazungumze wao kwa wao na mtu wa dini wanayemwamini kabla ya siku hiyo, kuliko kuulizwa usiku wa manane wakiwa wamechoka.

Kifua kwa kifua

Njia ya kangaruu, yaani kumweka mtoto ngozi kwa ngozi kifuani mwa mzazi, ilianza Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo ianze mapema iwezekanavyo.

Baba naye anaweza kumbeba mtoto hivyo. Katika mfuko wa hospitali weka mashati yanayofunguka mbele, na khanga au kitenge laini cha kufunikia.

Kazi na malipo

Maombi ya malipo ya likizo ya uzazi kwa Services Australia yanaweza kutumwa hadi miezi mitatu kabla ya tarehe iliyotarajiwa. Mama aliyeshindwa kutimiza sharti la muda wa kazi kwa sababu ya matatizo ya ujauzito au mtoto kuzaliwa njiti anaweza bado kustahili. Asikate tamaa kabla ya kuuliza.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2020, sheria ya kazi inamruhusu mzazi ambaye mtoto wake amelazwa hospitali baada ya kuzaliwa kukubaliana na mwajiri wake kusimamisha likizo isiyo na malipo, arudi kazini kwa muda, kisha aendelee na likizo mtoto atakapotoka. Makubaliano hayo yawekwe kwa maandishi.

Arobaini, nyumba na ndugu

Katika jamii zetu mama na mtoto hutulia ndani hadi arobaini. Mtoto aliyelazwa hubadilisha desturi hiyo, kwani mama anahitajika hospitalini. Desturi haijavunjwa, wanaomtunza ndio wanaobadilisha namna ya kumtunza. Badala ya kujazana nyumbani kumtazama mtoto, ndugu na marafiki wanaweza kupika, kuwapeleka watoto wakubwa shuleni, na kumwendesha mama kwa gari, hasa akiwa amefanyiwa upasuaji. Kidole kimoja hakivunji chawa. Pangeni zamu hizo kabla ya siku ya kujifungua. Mwenye mafua asiende hospitali, hata kama ni bibi wa mtoto.

Lini atarudi nyumbani?

Kwa kawaida mtoto huruhusiwa akiweza kupumua bila msaada, kuhifadhi joto katika kitanda cha kawaida, kunyonya maziwa yake yote na kuongeza uzito. Wengi hufikia hapo wakikaribia tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa. Chanjo zake hufuata tarehe halisi aliyozaliwa, lakini hatua zake za kukaa, kutambaa na kusema hupimwa kwa kuhesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa. Msimlinganishe na mtoto wa jirani.

Mzazi anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akiwa salama, au anayejiona hana thamani, anahitaji msaada wa daktari. Akina baba pia hupatwa na hali hiyo. Shirika la PANDA husikiliza wazazi kupitia namba 1300 726 306, na ukitaka kuzungumza kwa Kiswahili piga kwanza huduma ya ukalimani TIS kwa namba 131 450, kisha uombe uunganishwe.

Maelezo haya ni ya jumla. Kwa ushauri kuhusu ujauzito wako, zungumza na daktari au mkunga wako.