Mwanga na Tindikali katika Maisha ya Kuvu: Mafunzo kwa Kilimo cha Gitambi, Wilaya ya Rusizi

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi mwanga na tindikali vinavyoongoza seli za kuvu na uundaji wa spora, kisha inahusisha maarifa hayo na maamuzi mawili ya kilimo: uwekaji wa chokaa na utunzaji wa kivuli katika kahawa. Inadaiwa kwamba maamuzi hayo, ambayo kwa kawaida hupimwa kwa rutuba na mavuno, ni maamuzi ya afya ya mimea pia, na kwamba athari zake hutofautiana kati ya kuvu moja na nyingine.

1. Utangulizi

Gitambi imo katika Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya Cyangugu, ambako milima ya magharibi mwa Rwanda inashuka kuelekea bonde la Bugarama. Wilaya hii hulima kahawa, migomba na mpunga, na kila zao kati ya hayo lina adui wake wa jamii ya kuvu. Udongo mwingi wa milima ya magharibi una tindikali. Pale pH inaposhuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudhuru mizizi. Dawa yake, yaani chokaa, haiko mbali, kwa kuwa Mashyuza, katika wilaya hiyohiyo, kuna miamba ya chokaa.

2. Mwanga

Kuvu haifanyi usanisinuru, lakini huutambua mwanga. Katika Neurospora crassa, protini iitwayo White Collar-1 hunasa mwanga wa buluu na kuamsha jeni zinazohusika na rangi na spora. Katika Aspergillus nidulans, mwanga huelekeza kuvu kwenye spora zisizo za kijinsia, ilhali giza huiruhusu protini VeA kuingia kwa wingi katika kiini cha seli na kuchochea uzazi wa kijinsia. Kwa kuvu, basi, mwanga ni habari: huijulisha kuwa imefika juu ya uso, mahali ambapo upepo unaweza kuzichukua spora zake.

Hata hivyo, ishara hiyohiyo huwa na maana tofauti katika hatua tofauti. Magnaporthe oryzae, kuvu inayosababisha ugonjwa wa blasti ya mpunga, huhitaji mwanga ili kuunda spora, lakini huziachilia zaidi gizani. Kuhusu kutu ya majani ya kahawa, utafiti wa Nutman na Roberts nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 1963, ulionesha kwamba spora za Hemileia vastatrix huhitaji maji ili kuota, na kwamba mwanga huzuia uotaji huo. Kwa hiyo, jani linalolowa jioni na kubaki na maji usiku kucha limo hatarini kuliko linalolowa asubuhi na kukaushwa na jua.

3. Tindikali

Seli ya kuvu huilinda hali yake ya ndani isiachane sana na pH ya kati kwa kusukuma protoni nje, kazi inayotumia nishati. Katika Aspergillus nidulans, mazingira yanapokuwa ya alikali, protini PacC hukatwa, ikaamsha jeni za kuishi katika alikali na kuzima zile za tindikali. Kuvu pia hubadilisha mazingira yenyewe: Sclerotinia sclerotiorum, inayooza maharage, humwaga asidi ya oksaliki, na baadhi ya Colletotrichum hutoa amonia katika tunda.

Katika udongo, kuvu kwa jumla huvumilia tindikali kuliko bakteria. Rousk na wenzake, katika shamba la Rothamsted nchini Uingereza mwaka 2009, walipima udongo wa pH kati ya 8.3 na 4.5, wakaona kwamba kadiri pH ilivyoshuka ukuaji wa kuvu uliongezeka takribani mara tano, na ule wa bakteria ukapungua kwa kiwango kama hicho.

4. Mjadala

Je, chokaa ni dawa ya magonjwa ya kuvu? Jibu hutegemea kuvu inayohusika. Mnyauko fuzari kwa kawaida huwa mkali zaidi katika udongo wenye tindikali. Jambo hili lina uzito nchini Rwanda, ambako ndizi za kamaramasenge na Gros Michel hushambuliwa na ugonjwa huo. Kinyume chake, Gaeumannomyces, inayoozesha mizizi ya ngano, hustawi zaidi baada ya chokaa kuwekwa. Kwa kutu ya kahawa, ambayo spora zake huota juu ya jani, kubadilisha pH ya udongo si kinga ya moja kwa moja.

Kivuli nacho kina pande mbili. Hurefusha muda wa unyevu juu ya majani na kupunguza mwanga unaozuia uotaji. Lakini pia huzuia mbuni kubeba matunda mengi kupita kiasi, mzigo unaoufanya ushikwe na kutu kwa urahisi.

5. Hitimisho

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, pH ya udongo ipimwe kabla ya chokaa kugawiwa, na magonjwa yaliyopo shambani yaorodheshwe pamoja na kipimo hicho. Pili, ushauri kuhusu kivuli uambatane na upogoaji, ili majani yakauke mapema. Tatu, vituo vya utafiti virekodi muda ambao majani hukaa na maji usiku, si kiasi cha mvua pekee. Mkulima wa Gitambi anayenunua chokaa au kupanda mti wa kivuli anastahili kuambiwa ni ugonjwa upi atakaoupunguza, na upi anaoweza kuukaribisha.