MBABULA KATIKA CHUMBA CHA KULALA: AKIBA YENYE KUUA

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba, miezi ya baridi imefika. Lubumbashi imejengwa juu, karibu metre 1.200 kupita usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 unatetemesha hata wazee waliouzoea. Ndiyo miezi ambayo sisi wa dispansere tunaogopa mbabula kuliko mbu.

Sikilizeni jambo nililoliona mwenyewe. Mfanyakazi mmoja alikuwa katika zamu ya usiku. Bibi yake alipika bukari na sombe, watoto wakala, wakashiba. Katika mbabula makala yalikuwa yangali mekundu. Mama yule ni mtu wa akiba, hakupenda moto upotee bure. Akaingiza mbabula katika chumba cha kulala, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa kitambaa ili baridi isipite. Moshi ulikuwa umekwisha, kwa hiyo hakuona hatari yoyote. Asubuhi bwana yake akapiga hodi, akapiga tena, hakujibiwa. Akavunja mlango. Alimkuta mama amelala chini karibu na kizingiti, kama mtu aliyejaribu kutoka akashindwa. Mtoto mkubwa alikuwa akitapika. Mdogo, wa miezi 8, tulimkimbiza lopitali, akapewa oksijeni, akakaa huko siku 3.

Wote wako hai. Nimeingia katika nyumba nyingine ambamo si wote walioamka, na hiyo sitaieleza hapa.

Alipopata nguvu mama yule aliniuliza: «Munganga, moshi haukuwamo. Tuliumia na nini?»

Jibu ni hili. Makala yanapowaka yanakula hewa. Hewa ikiwa tele, yanatoa gesi iitwayo dioksidi ya kaboni. Hewa ikipungua, kama katika chumba kilichofungwa, yanatoa kwa wingi gesi nyingine, monoksidi ya kaboni. Hii haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Inaingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu mara 200 na zaidi kupita oksijeni yenyewe. Kwanza kichwa kinauma, kisha miguu inalegea, kisha usingizi unakuja. Aliye macho anashindwa kusimama. Aliyelala hajui kitu. Moshi ni kama mbwa mwenye kubweka, unakufukuza mapema. Gesi hii haibweki.

Ninyi mnaoshuka chini ya ardhi mnaijua habari hii kuliko mimi. Nani kati yenu atawasha mashine ya mazuti katika njia isiyopitisha hewa? Hata kapita mwenyewe akikuamuru, utakataa. Basi kwa nini ukirudi nyumbani unakubali mbabula iwake mahali watoto wako wanapolala, na dirisha limefungwa? Mlango ulioachwa wazi kidogo hautoshi. Mbabula inabaki nje, basi.

Mtu atasema: je, yale makala mekundu tuyatupe? Hapana! Mama yule hakukosea kupenda akiba, alikosea mahali pa kuitafuta. Chukua ndoo ya chuma au sufuria kuukuu yenye kifuniko kinachobana. Bukari ikiisha kuiva, mimina humo makala yenye moto, nje ya nyumba, mbali na watoto, na ufunike vizuri. Moto ukikosa hewa unakufa, na makala yanabaki. Kesho utayawasha tena, na yatashika upesi kuliko mapya. Usiyazime kwa maji: makala yaliyolowa yanatoa moshi mwingi na kukupotezea saa nzima ukipepea. Katika nyumba yangu tunafanya hivyo tangu mwaka jana, na gunia linakawia kuisha. Bibi yangu ndiye anayehesabu, mimi naamini tu.

Tuseme pia makala yanatoka wapi. Kila asubuhi mnayaona magunia juu ya vélo, watu wakisukuma katika njia ya Kasenga na ya Likasi. Kule msituni miti inapangwa, inafunikwa udongo na kuchomwa polepole. Sehemu kubwa ya mti inapotea humo: kwa kupata kilo 1 ya makala zinakwenda kilo 7 mpaka 10 za mti. Gunia la kilo 50 basi limekula kilo 350 za mti, au zaidi. Miti hiyo ni muputu, mutondo na wenzao wa miombo, ambayo chini yake mama zetu walikuwa wakiokota uyoga mvua ikianza. Mti wa miombo ukikatwa unaweza kuchipuka tena kutoka kisiki, lakini unataka miaka mingi ya kuachwa pasipo shoka wala moto. Sisi hatuupi miaka hiyo. Ndiyo sababu wenye vélo wanakwenda mbali zaidi na bei inapanda.

Na hewa je? Kilo 12 za kaboni zikiwaka vizuri zinajiunga na kilo 32 za oksijeni na kuwa kilo 44 za gesi. Kwa hiyo kilo 1 ya makala mazuri inatoa karibu kilo 3 za dioksidi ya kaboni. Gesi hii ndiyo inayofunika dunia kama blanketi na kuiongezea joto. Mti unaokua ungeivuta tena, ila tumeukata.

Najua mmoja wenu atauliza: cheminée ya kiwanda na mbabula yangu, ipi kubwa? Swali ni la haki. Kiwanda kina deni lake, na wakubwa walipe. Lakini moshi wa mbabula yako unakaa kwanza katika kifua cha bibi yako na cha mtoto aliye mgongoni mwake. Wa jiko lenye moshi ndio ninaowaona dispansere na kikohozi kisichokwisha.

Kwa hiyo punguzeni makala kabla ya moto kuwaka. Loweka maharagi tangu jioni, umwage maji yale, upike kesho: yataiva mapema zaidi. Funika sufuria. Makala yakae pakavu, maana yaliyonyeshewa yanakula moto wake mwenyewe kwa kujikausha. Mwenye uwezo atafute mbabula yenye udongo ndani na bati nje. Huko Kenya wanaitumia tangu miaka ya 1980, na inapunguza makala kwa theluthi moja au hata zaidi, kwa sababu joto halikimbii pembeni. Fundi wa bati akishirikiana na mfinyanzi anaweza kuitengeneza.

Jambo jingine linalokula makala bure ni maji ya kunywa. Kuchemsha ni lazima kwa maji ya kisima, na kipindupindu kimeingia katika mji huu zaidi ya mara moja. Lakini mama wengi wanaacha maji yachemke robo saa, eti yafe vizuri. Hakuna haja. Yakiisha kutokota kwa nguvu dakika 1, vijidudu vya kipindupindu vimekufa. Ondoa, acha yapoe yakiwa yamefunikwa, weka katika bido safi yenye mdomo mwembamba. Usiyachote na kopo lililoshikwa na mikono ya kila mtu.

Kuhusu maji yenyewe nitasema machache. Robine inayodondosha tone 1 kila sekunde inamwaga karibu litre 20 kwa siku, ndiyo bido nzima, na mara nyingi ugonjwa wake ni kampira kadogo tu ndani. Maji ya kusuuza nguo yamwage chooni. Lakini msinielewe vibaya: mikono isioshwe kwa kubania. Kabla ya kula, baada ya choo, kabla ya kumnyonyesha mtoto, hapo akiba ya maji ni ujinga.

Umeme nao. Moto wetu wa umeme unatoka katika mito: Mwadingusha kwenye Lufira tangu 1930, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Mto ule ule unaendesha kiwanda na kuwasha ampuli yako, na kiangazi maji yanapungua. Ampuli ya kisasa ya LED ya wati 9 inaangaza kama ile ya zamani ya wati 60. Ile ya nje isiwake mchana. Na resho! Umeme ukikatika wakati wa kupika, zungusha kibonyezo mpaka sifuri kabla ya kutoka. Umeme ukirudi saa 8 ya usiku, resho iliyosahauliwa inaunguza sufuria, kisha nyumba.

Turudi kwa mbabula kabla sijaweka kalamu chini. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye mbabula, vuta pumzi ukiwa nje, ingia, fungua mlango na madirisha, mtoe kwenye hewa safi. Usikae ndani kumwamsha, utaanguka juu yake. Asiyepumua apuliziwe hewa mdomoni. Usimpe maziwa wala mafuta ya ngazi: hayaondoi gesi katika damu, na mtu aliyezimia yatamziba koo. Mkimbize lopitali hata kama ameamka na kusema amepona.

Na kama katika nyumba yako watu 2 au 3 wanaamka na maumivu ya kichwa asubuhi moja, msinunue vidonge sokoni mkidhani ni malaria. Njooni dispansere wote pamoja, si mtoto peke yake, na mtuambie mbabula ililala wapi.