Marathoni baada ya miaka 30: pumzi hutangulia, kano hufuata

Mtu akishapita miaka 30 huanza kujihesabia. Nyumba imefikia wapi? Karo ya watoto je? Na mwili nao, ule uliokuwa ukipanda kutoka soko la Wundanyi hadi Wesu bila kuhema, mbona siku hizi unataka kusimama njiani? Ni katika umri huu ambapo wengi hujiwekea shabaha ya aina nyingine: kukimbia marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, walau mara moja maishani.

Je, msomaji, mwili wa miaka 33 au 38 unauweza mzigo huo? Unauweza, tena vizuri, mradi ufundishwe polepole. Wanaoumia aghalabu si wale waliochelewa kuanza, bali ni wale walioanza kwa pupa.

UMRI SI KIZUIZI

Marathoni ni mbio za watu wazima. Juma Ikangaa wa Tanzania alishinda New York mwaka wa 1989 akiwa na miaka 32. Catherine Ndereba alitwaa ubingwa wa dunia mjini Osaka mwaka wa 2007 akiwa na miaka 35. Edna Kiplagat, ambaye ni mama, alishinda Boston mwaka wa 2017 akiwa na miaka 37. Naye Eliud Kipchoge aliweka rekodi ya dunia ya wakati huo mjini Berlin mwaka wa 2018 akiwa na miaka 33, kisha akaivunja mwenyewe huko huko mwaka wa 2022, akiwa amebakisha wiki chache kutimiza miaka 38.

Sababu ni kwamba mbio fupi hutegemea nguvu ya ghafla, ambayo hufifia mapema. Mbio ndefu hutegemea ustahimilivu, na huo hujengwa kwa miaka mingi.

Hata hivyo, hao ni watu waliokimbia tangu ujanani. Kwa mtu wa kawaida, mwalimu au karani ashindaye kitini, mambo ni tofauti. Kuanzia miaka 30 hivi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila baada ya miaka 10 iwapo mtu hafanyi mazoezi. Kwa afanyaye mazoezi ya kudumu, upungufu huo waweza kuwa nusu tu. Misuli nayo huanza kupungua polepole isipotumiwa.

PUMZI NA KANO

Hapa ndipo penye siri ya mazoezi yote. Sehemu za mwili hazizoei kazi kwa mwendo mmoja. Ukianza kukimbia, damu huongezeka mwilini katika wiki mbili za kwanza, moyo hupiga kwa nafuu, na baada ya mwezi mmoja au miwili utajiona una pumzi mpya. Lakini kano, yaani zile kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, hupata damu kidogo tu, na huchukua miezi mingi kuimarika. Mifupa vilevile.

Basi mnamo wiki ya sita au ya nane mtu hujikuta katika mtego. Kifua kinamwambia, "Endelea," naye huongeza kilomita. Kisigino hakijawa tayari. Matokeo yake ni maumivu ya kano ya kisigino, ya goti, au ya mfupa wa muundi, na pengine ufa mdogo katika mfupa wenyewe. Kwa kijana wa miaka 20 jeraha kama hilo huweza kupona upesi. Kwa mtu wa miaka 37 huenda likamweka nje msimu mzima. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kanuni wanayoitumia wakufunzi wengi ni hii: usiongeze masafa ya wiki kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ukikimbia kilomita 20 wiki hii, wiki ijayo usipite 22. Na kila wiki ya nne, punguza badala ya kuongeza, ili mwili upate nafasi ya kujitengeneza.

KWANZA PIMWA

Kabla ya kununua viatu, nenda ukapimwe shinikizo la damu na sukari, iwe ni katika Hospitali ya Wesu, Hospitali ya Moi mjini Voi, au zahanati iliyo karibu nawe. Presha haipigi hodi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka kadhaa bila kuumwa na kichwa hata siku moja.

Umri wa miaka 35 una maana ya pekee kwa madaktari. Kwa watu wa chini ya umri huo wanaofariki ghafla michezoni, mara nyingi chanzo ni kasoro ya moyo ambayo mtu alizaliwa nayo. Kwa waliopita 35, chanzo kikubwa ni mishipa ya moyo iliyozibwa na mafuta. Ajali hizi ni nadra: uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya mbio za kati ya 2000 na 2010 ulionyesha kwamba moyo ulisimama kwa takriban mtu mmoja kati ya kila wakimbiaji laki moja wa marathoni. Lakini kama unavuta sigara, una presha au kisukari, au kuna mtu wa ukoo wako aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, mwambie daktari kwanza.

Akina mama pia wana lao. Upungufu wa damu huwapata wanawake wengi kwa sababu ya hedhi na uzazi, na mkimbiaji mwenye damu kidogo huchoka bila kujua kwa nini. Aliyejifungua aanze na kutembea. Kwa kawaida haishauriwi kurudia mbio kabla ya miezi mitatu kupita.

VILIMA VYA TAITA: RAFIKI NA ADUI

Wundanyi iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Voi karibu mita 600 tu. Kutoka Wundanyi kupitia Mwatate hadi Voi ni takriban kilomita 40, karibu sawa na marathoni. Wako wanaodhani kwamba kuteremka njia hiyo ni zoezi rahisi. La hasha! Katika mteremko, msuli wa paja hufanya kazi huku ukivutwa, na nyuzi zake huchanika chanika. Maumivu huja kesho yake na keshokutwa, wakati ambapo hata kushuka ngazi ni taabu.

Kupanda, kwa upande mwingine, ni dawa. Moyo hufanya kazi kubwa ilhali nyayo hazigongi ardhi kwa kishindo. Kwa hiyo anayeanza na afuate njia hii: apande kwa mbio za taratibu, ashuke kwa kutembea. Baada ya miezi miwili ndipo aanze kushuka kwa mbio, vipande vifupi vifupi.

Jambo la pili ni joto. Mwenyeji wa vilimani aliyezoea ukungu wa Julai hupata shida akienda kukimbia kwenye jua. Miongoni mwa mbio za marathoni zilizo karibu na watu wa Taita ni zile za Kilimanjaro, zilizoanzishwa mwaka wa 2003 mjini Moshi, ng'ambo ya mpaka wa Taveta. Hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, majira ya joto. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Hivyo, ifikapo Januari, panda matatu uteremke Mwatate, ufanye baadhi ya mazoezi yako huko kwenye tambarare. Usikimbie barabara za huko chini kabla ya kupambazuka: ndovu huzivuka, na madereva hawakuoni.

RATIBA

Tuchukulie unalenga mbio za Februari. Ikiwa hujawahi kukimbia, anza Julai. Siku tatu kwa wiki, kimbia dakika moja, tembea mbili, kwa muda wa nusu saa. Kila wiki ongeza kidogo muda wa kukimbia hadi, kufikia Septemba, uweze kukimbia dakika 30 bila kusimama.

Kuanzia katikati ya Oktoba una wiki 18 au 19. Kimbia siku nne kwa wiki. Siku tatu ziwe za mbio fupi. Siku ya nne, labda Jumamosi, iwe ya mbio ndefu: anza na kilomita 10, na kwa kupanda polepole ufikie 30 au 32 mwishoni mwa Januari. Usizidishe hapo. Wiki tatu za mwisho, punguza masafa, kwa maana mwili hupata nguvu wakati wa kupumzika.

Mwendo uwe upi? Ule unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako sentensi nzima. Ukishindwa kuzungumza, umekwenda kasi mno. Aidha, mara mbili kwa wiki, chuchumaa na kuinuka, na usimame kwa vidole ukiinua visigino, mara 15 kwa kila zoezi. Hayo ndiyo yanayozuia misuli isipungue kwa umri, na ndiyo kinga ya kano.

CHAKULA NA MAJI

Akiba ya sukari iliyomo katika misuli na ini humtosha mkimbiaji wengi wao kwa muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili. Ndiyo maana wengi huishiwa nguvu ghafla wakipita kilomita ya 30. Siku mbili kabla ya mbio ongeza vyakula vya wanga: ugali, viazi vitamu, muhogo, wali. Kimanga cha kwetu, mchanganyiko wa muhogo na maharagwe, ni chakula bora cha siku za mazoezi kwa kuwa kina wanga na protini pamoja. Ila usile maharagwe asubuhi ya mbio, tumbo litakusumbua. Njiani, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 25 hivi.

Kunywa maji unapoona kiu, si zaidi. Maji yakipita kiasi huzimua chumvi ya damu, na hali hiyo yaweza kuua. Wakimbiaji waliopimwa damu baada ya mbio za Boston mwaka wa 2002, asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu huo. Vilevile, usimeze ibuprofeni au diklofenaki ili kuficha maumivu ukiwa mbioni. Dawa hizo, pamoja na upungufu wa maji mwilini, huharibu figo.

SIMAMA MARA MOJA UONAPO HAYA

Maumivu au uzito kifuani. Kizunguzungu au kuzimia. Moyo kupiga ovyo. Kuacha kutoa jasho huku ukichanganyikiwa kwenye joto. Mkojo wa rangi ya chai nzito baada ya mbio. Haya si mambo ya kuvumilia, ni ya kufika hospitalini siku hiyo hiyo. Maumivu ya mfupa mahali pamoja yasiyokwisha kwa kupumzika nayo yaonwe na daktari. Na ukiwa na homa, usikimbie kamwe. Pima malaria kwanza, hasa kama ulishuka Voi au Taveta karibuni.

HATUA ZA KUJIVUNIA

Usijipime kwa saa ya Kipchoge. Mtu wa kawaida humaliza marathoni yake ya kwanza kwa saa nne hadi tano, na wengine sita. Jiwekee alama zako mwenyewe na uziandike katika daftari: siku ya kwanza uliyokimbia dakika 30 mfululizo, kilomita 10 za kwanza, 21 za kwanza, na siku presha iliyokuwa juu iliporudi sawa. Hiyo ya mwisho haina medali, lakini huenda ndiyo itakayokufikisha miaka 70.

Na ikiwa Februari itafika kabla kano hazijawa tayari, kimbia nusu marathoni au uahirishe. Mbio hizo zitakuwako mwaka ujao, nawe utakuwa umeongeza mwaka mmoja tu, pamoja na miezi 12 ya mazoezi.