Kuunganisha Njia za Lori la Pamba kwa GPS

Leo tutazungumza juu ya chombo kidogo kinachoshikwa mkononi, GPS, na namna ya kuhamisha na kuunganisha njia ndani yake. Najua mkulima mmoja atasema: "Bwana Shamba, njia za kwetu nazijua tangu nikichunga ng'ombe. GPS ya nini?" Ni kweli, ndugu yangu, wewe unazijua. Lakini je, dereva wa lori la pamba anazijua?

Nitawapeni mfano. Msimu mmoja lori lilitumwa kuchukua pamba katika maghala mawili ya vijijini. Lilipita njia panda ya Kolandoto, pale barabara ya Mwanza inapoachana na ile iendayo Mhunze na Lalago. Makatibu wawili walikuwa wamepima njia zao kwa GPS, kila mmoja kuanzia barabara kuu mpaka kwenye ghala lake. Kijana mmoja akaziunganisha, ya pili nyuma ya ya kwanza, akampa dereva. Lori likapakia ghala la kwanza vizuri. Baada ya hapo chombo kikaonyesha mstari ulionyooka kutoka ghalani mpaka mwanzo wa njia ya pili. Mstari ule ulikata katikati ya mbuga! Giza limeingia, dereva ni mgeni, akaufuata. Udongo mweusi ulikuwa bado una maji ya mvua za mwisho. Lori likazama mpaka ekseli, na usiku ule ikanyesha tena. Pamba iliyokuwa safi ikapokelewa kama fifi, na hasara ikawa ya wakulima.

Je, chombo kilikosea? Hapana. Kilifanya kama kilivyoambiwa. Hakuna aliyekiambia kwamba lori lirudi kwanza barabarani kwa njia ile ile lililoingilia.

Basi tuelewe kwanza kazi ya chombo hiki. GPS hupokea ishara za setelaiti zilizoko angani. Ikizipata nne au zaidi, huweza kujua mahali ulipo. Huku kwetu Usukumani, kwenye uwanda ulio wazi, kosa lake kwa kawaida ni mita chache tu. Ndani yake kuna mambo matatu. La kwanza ni kituo, yaani sehemu moja tu: ghala, kisima, daraja. La pili ni njia ya kupanga, yaani vituo vilivyowekwa kwa mfuatano. La tatu ni nyayo, yaani alama ambazo chombo huziweka chenyewe wakati unatembea nacho.

Tofauti hii ni kubwa. Nyayo hufuata kila kona uliyopita. Njia ya kupanga haina kona ila zile ulizowekea kituo, na kati ya kituo na kituo chombo huweza kuchora mstari ulionyooka. Vyombo vingine vyenye ramani hutafuta barabara vyenyewe, lakini kila kimoja hufuata ramani yake. Kwa hiyo njia ile ile ikihamishiwa chombo kingine inaweza kupita pengine kabisa. Dawa yake ni moja: weka kituo kwenye kila njia panda, kila kivuko na kila kona kubwa.

Kuhamisha siyo kazi ngumu. Unganisha chombo na kompyuta kwa waya, au toa kadi yake ya kumbukumbu kama inayo. Nakili faili ya njia, ile ya aina ya GPX, uiweke kwenye chombo cha pili. Simu nyingi za kisasa nazo zinaweza kuifungua faili hiyo zikiwa na programu ya ramani.

Sasa tuje kwenye kuunganisha. Fuateni hatua hizi:

1. Andika kwanza safari nzima kwenye karatasi. Lori linaanzia wapi, linaingia wapi, linarudi kwa wapi.

2. Badilisha majina ya vituo. Vyombo vingi huanza kuhesabu 001, 002 na kuendelea. Ukichanganya njia za watu wawili, utakuwa na 001 mbili, na moja inaweza kufuta nyingine. Tumia jina la kijiji na namba.

3. Hakikisha mwisho wa njia ya kwanza ndio mwanzo wa ya pili. Kama lori linatakiwa kurudi, nakili njia ya kuingilia, uigeuze, uiweke katikati. Hapa ndipo yule kijana alipokosea.

4. Kituo kinachotokea mara mbili mahali pa kuungia, ondoa kimoja.

5. Tazama njia nzima kwenye ramani. Ukiona mstari mrefu umenyooka bila kona, simama hapo. Je, kweli kuna barabara?

6. Usifute faili za mwanzo. Ukiharibu, utarudia kutoka hapo.

Liko jambo jingine kwa wale wanaochukua vituo kutoka kwenye ramani za zamani za karatasi, zile za Idara ya Upimaji. Nyingi zilichorwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960, na GPS kwa kawaida hutumia WGS 84. Ukichanganya vipimo hivi viwili bila kubadilisha, kituo chako kitahama takriban mita 300. Mita 300 zinatosha kulitoa lori kwenye luseni na kulitumbukiza mbugani. Kwa hiyo angalia chombo kimewekwa kipimo gani kabla ya kuingiza namba.

Mwisho, ndugu wakulima, kumbukeni kwamba vinavyohama kutoka chombo hadi chombo ni vituo tu. Akili ya njia haihami. Chombo hakijui kwamba kivuko fulani hakipitiki mwezi wa Aprili, wala kwamba daraja lile la magogo halibebi lori. Wewe mwenyeji ndiye unayejua. Kwa hiyo, kabla lori halijaja, mtu mmoja apande baiskeli mchana, aipite njia iliyounganishwa tangu mwanzo hadi mwisho, kisha amweleze dereva kwa mdomo. Na kama mvua imenyesha jana yake, mkulima mmoja apande naye kwenye lori.

Pamba ni jasho la mwaka mzima. Tusiiache ilale mbugani kwa ajili ya mstari mmoja. Kazi njema, na mpaka wakati mwingine.